Siku Tatu Ruaha, Hema Moja na Swali la Mwanza

Mara ya kwanza mimi na mume wangu kwenda kulala porini, tuligombana hadi tukarudi Dar bila kusemeshana. Ilikuwa Mikumi, mwezi wa nne, mvua za masika zimeshika kasi, na sisi wawili na digrii zetu tumeingia na kigari cha mjini kwa sababu rafiki yake alituambia "Mikumi ni hapo tu, lami mpaka getini". Kweli, lami ipo mpaka getini. Ila ukishaingia upande wa tambarare ya Mkata unakutana na ule udongo mweusi, ambao kiangazi ni mgumu kama tofali na masika unageuka uji. Tulizama hadi kwenye mlango. Yeye akasema mimi ndiye niliyeng'ang'ania tarehe ile. Mimi nikasema yeye ndiye mwanaume, alitakiwa kujua habari za magari. Nilishuka nikaondoka kwa miguu kama hatua ishirini, nikakumbuka niko wapi, nikarudi ndani ya gari nikanuna.

Basi bwana, miaka ikapita, tukapata mtoto, tukakopa tukanunua Prado kuukuu ya dizeli, na hadithi ya Mikumi ikawa ya kuchekesha wageni nyumbani. Ndiyo maana mwaka 2022 niliposema "twende Ruaha, Septemba, na hema", mume wangu aliniangalia kama nimependekeza turudiane na mafua.

Lakini nilikuwa na sababu, mpenzi msomaji. Tangu Julai mwenzangu alikuwa amepewa ofa ya kazi Mwanza, mkataba wa miaka miwili, mshahara mzuri. Kila tulipoanza kulizungumza, simu ya mmoja ililia, au mtoto aliamka, au mmoja wetu alisema "kesho". Wenye ndoa mnaielewa hiyo "kesho". Nilitaka tukae mahali ambapo hakuna simu ya kupokea, hakuna taarifa ya habari na hakuna jamaa wa kupita kusalimia. Tulikubaliana kwamba jibu la Mwanza litatoka hukohuko.

KWA NINI RUAHA, KWA NINI SEPTEMBA

Serengeti ni nzuri, nani anabisha, ila kwa mtu wa Dar mwenye likizo ya siku sita ni mbali. Mikumi tulikuwa na kinyongo nayo. Ruaha ipo kama kilomita 130 kutoka Iringa mjini, na Iringa ni kama kilomita 500 kutoka Dar. Baada ya kuunganishwa na eneo la Usangu mwaka 2008, hifadhi hii ilifika zaidi ya kilomita za mraba 20,000, na ilikuwa kubwa kuliko zote nchini hadi ilipotangazwa Hifadhi ya Taifa Nyerere mwaka 2019. Pamoja na ukubwa huo, unaweza kuendesha asubuhi nzima ukakutana na gari moja au usikutane na lolote. Hilo ni raha, na pia ni hatari. Nitalirudia.

Septemba ni kiangazi kikali. Majani yamekauka, unaona mbali, na wanyama wanasogea kwenye maji machache yaliyobaki. Barabara za vumbi zinapitika. Mto Ruaha Mkuu wenyewe, tangu mwaka 1993, hukauka sehemu kubwa wakati wa kiangazi kwa sababu ya maji mengi yanayotumika huko juu, na hapo unaona viboko wamebanana kwenye vidimbwi kama abiria wa daladala ya saa kumi na mbili jioni. Mto huohuo ndio unaopeleka maji Mtera na Kidatu kufua umeme. Ukikatika umeme kwako Sinza, kumbuka wale viboko.

GARI KWANZA, MAPENZI BAADAYE

Watu wengi wanadhani kuwa na gari linalovuta magurudumu yote manne, hizi tunazoziita foo-wili, ni tiketi ya kwenda popote. Si kweli. Jirani yetu ana moja kubwa kuliko letu, na hajawahi kuigusa ile gia ndogo tangu alinunue. Hajui hata kama inaingia. Wiki tatu kabla ya safari, Jumamosi moja, tulienda ufukweni nje ya mji kujifunza. Tukaingia kwenye mchanga makusudi tukazama. Tukapunguza upepo wa matairi, kutoka 36 hadi kama 20, tukaweka gia ndogo, tukaondoka taratibu bila kukanyaga mafuta kwa hasira. Gari likatoka lenyewe. Tairi lenye upepo mdogo linatanuka na kukanyaga eneo kubwa zaidi, kwa hiyo halichimbi shimo. Ukirudi kwenye barabara ngumu unajaza tena, hivyo pampu ndogo ya kuchomeka kwenye gari ni lazima iwepo, pamoja na kipimo cha upepo. Usikadirie kwa kupiga teke tairi kama makondakta.

Siku hiyo nami niliendesha. Wanawake wenzangu, hili ninalisema kwa msisitizo: usiende porini kama mzigo. Mume akishikwa na malaria au akang'atwa na kitu, nani atarudisha gari? Nilijifunza kuweka gia ndogo, kufunga jeki na kupima maji ya rejeta. Mume wangu alinifundisha vizuri, alikasirika mara moja tu.

Gereji tulipeleka gari siku kumi kabla, sio siku moja kabla. Tofauti yake ni kwamba fundi akikuta feni belti imechoka unakuwa na muda wa kununua nzima badala ya kuambiwa "hii itafika tu, bosi". Tulibadilisha oili, vichungi vya dizeli na hewa, mipira miwili ya maji na betri. Matairi mawili tuliyaondoa. Spea tukachukua mbili, maana barabara za kule zina mawe, na miiba ya migunga haina huruma. Kwenye sanduku la nyuma: jeki na kipande cha ubao wa kuiwekea isizame, kamba ya kuvutia, chepe, panga, waya, tepu, fyuzi, oili ya akiba. Niliandika orodha yote kwenye daftari, na kila kitu kikiingia garini mwenzangu anaweka alama ya vema. Tafadhali ikumbuke hiyo alama ya vema.

HESABU ZA MAFUTA, MAJI NA PESA

Hapa ndipo wengi huharibikiwa, kwa hiyo vumilia. Kutoka Iringa kwenda Msembe, makao makuu ya hifadhi, na kurudi ni kilomita 260. Mizunguko ya kuangalia wanyama tuliipigia kilomita 100 kwa siku, siku tatu, 300. Jumla 560. Gari letu barabara ya lami linakula lita 12 kwa kilomita 100, lakini ukiwa na mzigo, mchanga na gia ndogo, piga 16. Hiyo ni karibu lita 90, na tenki letu linabeba karibu hizohizo. Yaani tungerudi Iringa kwa mvuke. Tukaongeza madumu mawili ya chuma ya lita 20, juu kwenye keria, mbali na chakula. Dizeli mwaka ule ilikuwa imevuka shilingi 3,000 kwa lita, kwa hiyo utaona kwa nini mume wangu alikuwa akipiga hesabu huku anashika kichwa.

Maji: lita tano kwa kila mtu kwa siku kwa kunywa na kupika, halafu ongeza siku moja ya dharura. Sisi wawili tulichukua lita 40, na dumu jingine la 20 la kuoga kimya kimya. Kambi ya umma ina vyoo na inaweza kuwa na maji, lakini usiweke uhai wako kwenye bomba usilolijua.

Viingilio sasa havilipwi kwa noti mkononi. Unapata kumbukumbu namba ya malipo au unatumia kadi, kwa hiyo maliza mambo hayo ukiwa bado kwenye mtandao mzuri. Mtanzania analipa kwa shilingi, na ni kidogo sana ukilinganisha na dola za mgeni. Gari lenye namba za hapa nalo lina bei yake, na kulala kambini kuna bei yake. Bei hubadilika, waulize TANAPA kabla hujapanga bajeti. Chukua kitambulisho cha taifa, maana bila hicho utajitetea Utanzania wako kwa kuimba. Halafu kuna siri ndogo: kibali ni cha saa 24. Ukiingia saa mbili asubuhi, kinaisha saa mbili asubuhi, na hapo unakunja hema mbio mbio. Sisi tulipanga kuingia saa nane mchana Ijumaa na kutoka saa nane mchana Jumatatu. Vibali vitatu, usiku tatu, asubuhi tatu na jioni tatu, na hakuna dakika iliyopotea.

Pesa yenyewe tuliiandika mapema: nani analipa nini, na kiasi gani ni cha akiba isiyoguswa. Rafiki yangu mmoja na mchumba wake waliachana kwenye kituo cha mafuta Chalinze kwa ajili ya hilohilo. Sitanii.

BARABARANI

Tuliondoka Alhamisi saa kumi alfajiri. Morogoro tukamwacha mtoto kwa bibi yake, ambaye alituuliza, "Nyie mna kitanda kizuri kabisa nyumbani, mnakwenda kulala chini kwa simba kufuata nini?" Mume wangu akamjibu, "Mama, tunakwenda kuongea." Mama mkwe akanyamaza kidogo, akaniwekea mkononi mfuko wa vitumbua.

Ukipita Mikumi barabara kuu inakatiza hifadhini kwa kilomita kama 50. Punguza mwendo. Kuna faini za kugonga wanyama na kila mnyama ana bei yake, na hata bila faini, punda milia hawaoni kioo. Baadaye unaingia kwenye bonde la mibuyu, kisha Ruaha Mbuyuni, ambako vitunguu vinauzwa kando ya barabara. Tukanunua. Kitonga tuliipanda nyuma ya lori kwa mwendo wa konokono, na Ilula tukachukua nyanya. Usijaze gari vitu vya supamaketi ya Dar wakati njia nzima ni soko.

Tulilala Iringa. Ijumaa asubuhi tukajaza mafuta, tukanunua nyama tukaigandisha kwenye deli la barafu, tukaondoka. Ukiwa na nusu saa, simama Kalenga. Hapo pana makumbusho yenye fuvu la Mtwa Mkwawa, lililorudishwa kutoka Ujerumani mwaka 1954. Mimi nilisimama mbele yake nikasahau nina haraka. Baada ya hapo ilikuwa vumbi, vijiji, vumbi. Getini tuliingia saa nane na dakika tano. Nilijipongeza peke yangu.

USIKU WA KWANZA

Kambi ya umma ilikuwa karibu na mto, na tulikuta hema jingine moja tu. Hakuna uzio. Wewe, turubai, na Tanzania yote ya zamani. Masharti ni machache na yana sababu zake. Chakula hakikai ndani ya hema, kinakaa garini na vioo vimefungwa. Matunda ndiyo kabisa: tembo ananusa chungwa kutoka mbali, na turubai kwake ni ganda tu. Viatu vinaingia ndani, fisi hutafuna ngozi. Nguo za bluu nzito na nyeusi ziache nyumbani, kwa sababu mbung'o wanazipenda, na wa Ruaha wanauma kupitia jinzi. Ukitaka kwenda haja usiku, unamulika tochi pande zote kwanza, ukiona macho yanang'aa unaahirisha. Chukua ndoo yenye mfuniko. Jamani, hakuna aibu kwenye ndoa.

Saa nane usiku nilisikia tawi linavunjika. Mume wangu alinishika mkono, hakusema neno. Tembo alikuwa karibu kiasi kwamba tulisikia tumbo lake linanguruma, kama gari kubwa lililowashwa mbali. Alikula pale labda nusu saa. Tulilala tumeshikana hivyohivyo, na kwa mara ya kwanza tangu Julai sikuifikiria Mwanza.

Jumamosi ilikuwa siku ya kuangalia. Tandala wakubwa na pembe zao za mzunguko, na tandala wadogo pia, maana Ruaha ni mahali ambapo unaweza kuwaona wote wawili. Kwenye mto wa mchanga wa Mwagusi tembo walikuwa wanachimba visima kwa miguu na mkonga, wananywa, halafu nyani na digidigi wanasubiri zamu. Simba tuliwakuta kumi na mmoja wamelala chini ya kivuli kimoja. Mwenzangu alipiga picha mia mbili. Suala la Mwanza hatukuligusa. "Kesho," alisema jioni, akipuliza moto. Nikamtazama tu.

JUMAPILI, SAA SITA MCHANA

Tairi la nyuma kushoto lilipasuka kwenye mawe, mbali na kambi, simu haina hata mstari mmoja wa mtandao. Hatukuogopa. Si tuna spea mbili? Si tulifanya mazoezi? Nilisimama juu ya ngazi ya gari nikiangalia vichaka, yeye akashuka kufungua sanduku. Akatoa jeki, ubao, chepe. Akaanza kutoa vitu kimoja kimoja na kuvipanga chini. Halafu akatulia.

"Wili spana haipo."

Kwenye daftari ilikuwa na alama ya vema. Ilibaki gereji, huenda kwenye benchi la fundi, na yeye aliweka vema bila kufungua mfuko kwa sababu "ilikuwa lazima iwepo". Nilijisikia hasira ya Mikumi ikipanda tena kutoka miguuni. Nilifungua mdomo, na kabla sijasema akaketi kwenye kiti cha dereva, akafunga mlango, akasema akiangalia mbele:

"Mke wangu, kuna kitu kingine. Mwanza nilishawajibu. Nimesema ndiyo. Wiki mbili sasa."

Nyumbani ningetoka nikabamiza mlango nikaenda kwa dada yangu. Hapo sikuwa na pa kwenda. Kuna simba kumi na mmoja upande ule ambao jana niliwahesabu mwenyewe. Nilikaa. Tulikaa takriban saa mbili ndani ya lile gari, joto kama tanuri, vioo robo kwa sababu ya mbung'o, tukinywa maji kwa zamu kutoka chupa moja.

Sitaandika yote tuliyosemezana. Nililia kidogo. Nilimwambia kwamba kazi sio iliyoniuma, ilikuwa ile alama ya vema: kuniwekea vema mimi bila kufungua mfuko kuangalia kama nimo. Alisema aliogopa nitakataa, kisha aogope maisha yake yote kunilaumu. Nilimuuliza kwa nini basi alikubali mpango wa kuja kutafuta jibu huku jibu liko mfukoni. Alikaa kimya muda mrefu, akasema, "Nilitaka nikuambie mahali ambapo utanisikiliza mpaka mwisho." Nilikasirika tena, kwa sababu kwa namna fulani hata mimi nilikuwa na mpango huohuo.

Mwishowe tulisikia injini. Dereva mmoja wa watalii, mtu mzima mwenye kofia ya kitambaa, alisimama akasalimia taratibu, "Habari za safari, wanangu?" kana kwamba tupo stendi. Tukamwamkia. Wili spana yake iliingia kwenye nati zetu bila shida, Toyota kwa Toyota. Ndani ya dakika ishirini tairi lilikuwa limebadilishwa, wageni wake wakitupiga picha kama sehemu ya hifadhi. Alikataa pesa, akakubali chai ya chupa. Akatuambia kwamba mwenye gari moja porini lazima aache ujumbe kambini au getini anaelekea upande gani na atarudi saa ngapi, ili asipoonekana atafutwe. Sisi hatukuacha. Kwenye orodha yangu ndefu ya kurasa mbili, hilo halikuwepo kabisa.

Usiku ule, mbele ya moto, nilifungua daftari upande wa pili. Tukaandika: aende Novemba, mimi na mtoto tubaki Dar hadi mwaka wa shule uishe, nisiache kazi, tuangalie tena Juni. Kila wiki ya pili mmoja apande ndege, na nauli itoke kwenye mshahara mpya, sio wangu. Na jibu lolote la kazi, la nyumba au la mkopo, lisitolewe kabla ya kusomwa na wote wawili. Kila mstari aliuweka vema baada ya kunisomea kwa sauti. Fisi alikuwa analia ng'ambo ya mto muda wote.

Aliishi Mwanza miaka yote miwili. Juni ya kwanza tuliangalia tena, na mimi sikuhamia. Ilikuwa ngumu kuliko tulivyoandika, hasa zile wiki ambazo ndege ilikuwa ghali na mtoto ana homa. Novemba 2024 alirudi na mabegi matatu na sangara waliokaushwa.

Sasa tunapanga Katavi. Ni mbali zaidi, watu wachache zaidi, kwa hiyo tunatafuta wenzetu wenye gari la pili, kwa sababu gari moja huko sishauri. Jumamosi iliyopita nilimkuta uani amefungua sanduku la nyuma, ametandaza turubai, ameshika wili spana mkononi.

"Njoo uione," akaniita. "Halafu weka vema mwenyewe."